Redio ya Bakari Langoni

Msambweni, Jumatano, Agosti 1966. Baada ya swala ya alfajiri.

Kosa la wengi ni kuupima kwa mkono umeme tuli, ule unaojikusanya pipani spiriti ikimiminwa. Nami ndivyo nilivyowafundisha wafanyakazi wa kiwandani: sogeza kiganja kwenye pipa, vinyweleo vikisimama, umo.

Juzi Bakari, bawabu wetu, alinijia mbele yao. "Mwalimu, kila mkimimina spiriti, redio yangu yakwaruza kule langoni."

"Nunua betri, Bakari. Redio hiyo imezeeka kukushinda."

Wakacheka. Yeye akarudi langoni.

Jana tulijaza pipa, tukalifunga, nikasogeza kiganja. Cheche ikarukia pete yangu, na papo hapo nikasikia redio ikikwaruza langoni. Lau kifuniko kingekuwa wazi, mvuke ungewaka, na wale sita waliokuwa nyuma yangu...

Cheche hutoa mawimbi, na redio huyanasa kwa mbali, bila mtu kulikaribia pipa. Haya niliyasoma ujanani. Bakari hakuyasoma popote, alisikiliza tu, nami nikamfanya kichekesho. Naona haya hata kuyaandika.

Leo, kabla pipa lolote halijafunguliwa, ewe mwalimu, waite watu wale wale langoni, umwombe Bakari radhi mbele yao.