Kiti cha Lokana

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Makumbusho ya tatu leo. Chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa parokia, hapa hapa Bunia. Ngoma mbili, chungu kilichopasuka, ngao, mashine ya kupiga chapa ya wakati wa Wabelgiji, picha za mapadri wenye ndevu. Vumbi juu ya kila kitu. Mlinzi alikuwa amelala, mdomo wazi. Nikaandika maelezo yangu, nikaondoka bila kumwamsha.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika moja la Ulaya limegundua kwamba vyumba vya makumbusho vya huku ziwani na milimani vina maelezo ya Kifaransa tu. Wanataka na Kiswahili. Wakatafuta mwalimu wa historia aliye likizoni, wakanipata mimi. Basi nazunguka kwa pikipiki ya kukodi kuwaeleza watu vitu vya babu zao. Kazi ya ajabu, lakini mwalimu wa Kongo hachagui.

Nimerudi mtaani kwetu Saio jioni. Mama bado yuko mkekani. Nimempa chai, akanywa, akageukia ukutani.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Leo mji wa Boga. Safari mbaya, mvua, mgongo unauma. Makumbusho yenyewe ni kabati. Kabati! Ndani yake mikuki, shanga na jino la kiboko. Mwenye ufunguo alikuwa shambani, tukamngoja mpaka tumbo likaanza kunung'unika. Nimeandika: "Jino la kiboko." Ningesema nini zaidi?

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa zamu ya makumbusho ya juu ya ziwa, pale barabara inapoanza kushuka. Mahali pazuri, sikatai. Ziwa Albert lote liko chini yako, na ng'ambo milima ya Uganda. Nyumba ya matofali, bati jipya, bendera. Mwenye kuitunza anaitwa Papa Anselme, mtu wa Butembo, zamani muuza vitambaa, sasa mpenda vitu vya kale. Mtu wa heshima, anavaa tai. Alinionyesha kila kitu kwa fahari, kana kwamba alikizaa yeye.

Katikati ya chumba kuna jukwaa dogo lenye zulia jekundu. Juu yake, kiti cha baba yangu.

Hakuna cha kubahatisha. Kiti cha miguu minne, kilichochongwa kwa gogo moja, mguu mmoja umefungwa waya wa shaba. Waya ule alifunga Baba mwenyewe, mimi nikimshikia. Na ubavuni kuna alama nyeusi ya moto, ya siku mwanambuzi alipokisukuma jikoni. Karatasi ya Kifaransa inasema: kiti cha chifu, asili haijulikani. Chini yake nyingine, kwa Kiswahili kabisa, hiyo haikunihitaji: KAA HAPA, PIGA PICHA.

Ukutani wamebandika picha za waliokaa. Bibi harusi na shela lake. Timu ya mpira. Mkubwa fulani mwenye miwani ya jua. Mtoto aliyeshika soda.

Papa Anselme akaniambia nami nikae, anipige picha. Nikasema mgongo unauma. Maelezo sikuandika.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Niliwaza nimfiche Mama. Nikashindwa.

Niandike vizuri, labda hasira itapungua. Tulipokimbia vita kwetu Djugu, Baba alikuwa hai. Tulibeba watoto wa marehemu dada yangu, sufuria, godoro. Kiti kilibaki. Baba akafa hapa Saio, katika nyumba ya kupanga, mwaka juzi. Kwetu mwenye kiti akifa, kiti chake kinapinduliwa siku ile ile, miguu juu. Hakuna anayekikalia. Kinakaa hivyo mpaka mwisho wa kilio, ndipo kinageuzwa na mtoto wa kiume wa kwanza anakaa. Akikaa tu, mjane anamwita kwa jina la marehemu. Nyumba imepata tena mwenyewe. Hapo mjane anatoka mkekani, anaoga, analala kitandani kama watu.

Kiti hakikuwapo. Basi kilio hakikuisha. Wengine wangenunua kiti sokoni wakamaliza. Mama yangu si wengine. Kanisani wamemsema, majirani wamemsema, mimi nimemsema. Analala chini na kifua kinambana kila msimu wa mvua. Muuguzi amesema wazi, sakafu hii ya saruji itamuua.

Nilipomwambia kiti kimeonekana, hakuuliza kiko wapi. Hakuuliza nani alikichukua. Aliketi akanishika mkono.

"Balikipindua?"

Nikamwambia kimesimama jukwaani. Akaelewa. Akajifunika kitenge mpaka kichwani, na leo hajala.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Nimempigia Justin, kaka yangu, mtoto wa kiume wa kwanza wa Baba, aliyeko Mongbwalu. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji. Ana pikipiki mbili na simu tatu, na zote huwa hazina chaji tukimtafuta sisi. Leo moja ilikuwa na chaji. Nikamwambia njoo, kiti kimepatikana, uje ukae, Mama ainuke.

Akasema barabara ni mbaya. Barabara ya Mongbwalu ilikuwa nzuri lini?

Nilipanda tena kwa Papa Anselme. Alisikiliza, tai imenyooka. Hakubisha kwamba ni chetu, hilo nampa. Alisema kilikutwa juu ya lori la kuni, mfanyabiashara mmoja akakiokoa, akakileta kwake.

"Madame, bila siye bangeipikia maharagi."

Ni kweli, na ndiyo inayonichoma. Asiyekuwapo na lake halipo. Akasema hawezi kukitoa kabisa, kimeshaingia kwenye mali ya makumbusho, lakini anaweza kutuazima. Kutuazima! Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa kuniazima kiti cha baba yangu. Njiani nililia ndani ya kofia ya pikipiki.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Justin hajaja. Alisema Ijumaa. Halafu Jumamosi. Leo simu inaita tu.

Mama amekohoa tangu asubuhi. Watoto wa dada wamekuwa wakimwendea kwa zamu na maji ya moto. Nimepika, nimefua, nimeenda kuzungumza na mwenye nyumba. Baada ya ibada watu wameniuliza hali ya Mama, nikajibu Mungu ni mwema. Nimechoka kujibu hivyo.

Alhamisi, tarehe 24 Julai

Amepiga. Anakuja Jumamosi, ameapa. Mama amenawa uso. Ametaka nimtafutie kile kitenge cha bluu, cha kuvaa siku ya kuinuka. Kimeliwa na mende pembeni. Nimekishona.

Namchukia kaka yangu na namsubiri. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumamosi, tarehe 26 Julai

Amekuja. Viatu vyeupe. Amemletea Mama mfuko wa sukari, amepiga magoti, amelia vizuri. Nikaanza kumsamehe. Upesi mno.

Tukapanda makumbusho, yeye na mimi, kuchukua kiti. Papa Anselme alikuwa amekifuta, amekifunga shuka safi. Kila kitu tayari. Justin hakukitazama. Alisimama mbele ya ukuta wa picha. Akatazama moja moja, polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Nikaona mabega yake yanalegea. Namjua kaka yangu tangu titi la Mama. Ule ulikuwa ulegevu wa mtu aliyetua mzigo.

"Hii kiti imekaliwa na dunia yote," akasema. "Mi nikikaa, narizi nani? Ule wa mupira?"

Papa Anselme maskini hakujua. Kwao kiti ni kiti. Alitaka wageni wafurahi, basi. Nilimwona anazitazama zile picha upya, na jasho likamtoka.

Justin akasema mila ni mila, kiti kilichokaliwa kabla ya mrithi kimekufa, kila mzee atasema hivyo. Ghafla amekuwa mtu wa mila! Huyu ambaye jina la babu analikumbuka kwa shida.

Hakulala kwetu. Alisema kuna mtu anamngoja Mongbwalu.

Jumapili, tarehe 27 Julai

Ukweli ni huu, na nauandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunipinga. Anayekikalia kile kiti anachukua na watu wake. Mama, watoto wa dada, kodi, dawa, misiba ya ukoo mzima. Justin analijua hilo kuliko mila zote. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, na makumbusho yamemfungulia.

Na ubaya zaidi, ana haki. Kimekaliwa. Bibi harusi yule amekalia kifo cha baba yangu kwa shela jeupe, akacheka, wala hana kosa.

Mimi ndiye mkubwa wetu kwa kuzaliwa. Nilitoka tumboni kabla yake. Lakini mtoto wa kike hakikalii, hata moto ukiwaka. Kupika anaweza. Kumshikia baba waya anaweza.

Nilimwambia Mama kwamba Justin amekataa. Sikupamba. Akauliza kama pikipiki yangu inaweza kubeba mtu mzee.

Jumatano, tarehe 30 Julai

Tumempeleka Mama ziwani.

Dereva mbele, Mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia la karanga. Amevaa kitenge cha bluu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akauliza muzee huyu anaenda wapi na kikohozi hiki. Mama akajibu mwenyewe kwamba anaenda kwa bwana yake. Wakatuinulia kamba.

Papa Anselme alitoka mbio kumpokea. Mama hakumpa mkono. Aliingia, akasimama kwenye zulia jekundu na viatu vyake vya plastiki. Kiti kilikuwa kimerudishwa jukwaani. Picha za ukutani zilikuwa zimebanduliwa zote, gundi tu imebaki. Sikumwomba afanye hivyo.

Mama alikitazama kwa muda mrefu. Akagusa waya. Akagusa alama ya moto.

"Muzee hakuna tena," akamwambia Papa Anselme. "Sasa kiti yake inasimama ya nini?"

Akainama. Nikataka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alikishika kwa mikono miwili, akakipindua. Miguu juu. Kikagonga jukwaa, mlio mdogo tu. Halafu akakaa sakafuni kando yake na akalia kilio chetu, kile cha siku ya kwanza, cha sauti yote, ambacho siku ile Baba alipokufa hakukilia. Siku ile ilikuwa ni kukimbizana na jeneza na mwenye nyumba. Kilio huanza mfiwa, wasemao hawakukosea. Mimi nikafuata. Watalii wawili waliokuwa wanashuka garini wakarudi garini. Papa Anselme alivua tai, akakaa mlangoni, akalia naye, sijui anamlilia nani wa kwao.

Alipomaliza, Mama alifuta uso kwa pindo la kitenge. Akasema kiti kibaki. Nyumba ya kupanga si mahali pa kukiweka, na Djugu hatujui lini. Lakini mtu asikigeuze. Papa Anselme akaapa kwa jina la mama yake.

Nikadhani sasa yamekwisha, nikamwinua twende. Akageuka mlangoni, akanitazama mimi, siyo kiti. Sikuelewa. Nilidhani anatafuta fimbo yake.

Alhamisi, tarehe 31 Julai

Nimeandika maelezo niliyokuwa nadaiwa. Shirika linataka mistari minne, yenye asili, matumizi na umri. Nimewapa haya, na wakiyakataa watafute mwalimu mwingine:

"Hiki ni kiti cha Lokana, mkulima wa Djugu. Hakuwa chifu. Kimepinduliwa kwa sababu mwenyewe amekufa. Usikigeuze."

Karatasi ya KAA HAPA Papa Anselme ameichoma. Amenipigia simu kuniambia. Anasema wageni wa leo wameuliza mengi kuliko wa mwezi mzima, na hajui ajibu nini. Nikamwambia awaambie asichokijua ni kingi. Akacheka kidogo. Sikucheka, lakini sikukata simu.

Justin ametuma ujumbe kuuliza kama Mama ameipenda sukari.

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Mvua usiku kucha. Mama amelala kitandani kwangu, mimi nimelala mkekani. Sakafu ni baridi kweli. Kikohozi hakijaisha.

Asubuhi nilikuwa uani nawasha makaa. Nikasikia kitanda kinalia, halafu miguu yake sakafuni. Mkeka ameukunja mwenyewe, ameusimamisha nyuma ya mlango. Akaita kutoka ndani, sauti ya kawaida, ya mtu anayetaka kitu kidogo.

"Lokana. Chai yangu iko wapi?"

Nilibaki nimeshika upepeo wa makaa. Watoto wa dada walinitazama. Hakuita mara ya pili, alikuwa anangoja tu.

Nikajibu ndiyo, naleta. Nikaweka sukari ya Justin, vijiko viwili, nikampelekea.