Kaptula Kumi na Mbili za Mgodini

Jumatatu, 14 Julai
Kaptula ya nane imekwisha. Zimebaki nne. Kaki nzito, miguu mipana, vifungo mbele badala ya zipu. Wateja wangu hapa Bunda wanauliza kama nimepata tenda ya polisi. Nawaambia ni za kikundi cha Mwalimu Magesa, kinachoigiza maisha ya wachimbaji dhahabu wa zamani kule Kiabakari. Wanatikisa vichwa. Watikise. Muda mrefu sijafurahia kazi hivi.

Jumatano, 16 Julai
Nimezipeleka zote Kiabakari. Waigizaji walizivaa mbele ya Bibi Nyanjura. Marehemu mumewe alichimba mgodini, na kati ya wake wa wachimbaji amebaki yeye tu. Mwalimu amesema Bibi akikataa, hakuna onyesho. Bibi alikagua mishono, akawatazama wale watu, akasema, "Umeshona vizuri. Lakini hawa ni mabwana harusi. Wetu walikuwaga wanarudi na udongo mpaka kwenye kope."
Aibu. Na hasira. Amesema kweli, ndiyo inayoniudhi. Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 17 Julai
Nimerudi nazo Bunda. Moja nimeichovya kwenye chai ya rangi. Nimeisugua kwa tope, nikaigonga kwa jiwe. Imekuwa nguo mpya iliyochafuka, basi. Kaki inapauka pale mwili unapoisugua: magotini, makalioni, mdomoni mwa mfuko. Anatakiwa mtu wa kuivaa.

Ijumaa, 18 Julai
Wamepatikana. Wambura na wenzake kumi na mmoja, wafyatua matofali wa Kiabakari. Nimewaazima zote. Wavae kila siku, warudishe Alhamisi. Nimerudi Bunda nikijiona mjanja kweli.

Alhamisi, 24 Julai
Nimefika Kiabakari. Tanuri la matofali lipo, watu hawapo. Mama anayewapikia uji anasema tangu juzi wako Kisorya, wamepata kazi huko. Wameondoka na kaptula zangu. Simu ya Wambura haipatikani. Mwalimu hajui kitu. Mjanja gani mimi.

Ijumaa, 25 Julai
Saa nne asubuhi Wambura kapokea. Kaptula zipo. Tatizo ni jingine: "Mama, vijana hawataki kuvua. Hii ndiyo ya kwanza kuinama nayo isichanike."
Nilitaka kufoka. Nikajikuta nacheka peke yangu dukani. Nimeshona magauni ya harusi mangapi, na hakuna aliyewahi kugoma kuvua nguo yangu. Tumekubaliana: waje wenyewe, nazo mwilini. Mwalimu nimemweleza yote. Alinuna kwanza, kisha akauliza kama wanajua kushika sururu.

Jumamosi, 26 Julai
Wanajua. Waliingia uwanjani kumi na wawili, kaki imepauka magotini, vumbi la Kisorya bado mapajani. Waigizaji wake Mwalimu amewageuza makarani wa mgodi. Wamefurahi, maana wamevaa mashati yao ya kazini na hawakubeba jiwe hata moja. Vigelegele vikapigwa. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Bibi.
Katikati ya onyesho akanyanyuka. Hakuna aliyemzuia. Akamwendea Wambura, akainama, akaanza kupapasa pindo la kaptula kwa vidole viwili, mguu mmoja, kisha wa pili. Wambura alisimama wima, sururu begani, hajui afanye nini.
Bibi akacheka mpaka akamshika mkono asianguke. "Kabla ya kufua tulikuwaga tunatafuta hapa. Chembe za dhahabu. Mzee wangu alikuwaga anazificha humu, halafu anasahau."
Nimelia mbele za watu. Furaha tupu. Sijali.

Jumapili, 27 Julai
Asubuhi tulivu. Mwalimu kapiga simu, Bibi ana ombi moja kwangu. Anataka kaptula, kiuno thelathini na mbili, ya kutundika ukutani kwake. Nikauliza niichakaze namna gani. Hapana, anataka mpya. Mumewe hakuwahi kuvaa mpya, alirithi za walioacha kazi mgodini.
Kaki imebaki ya kutosha moja. Nimekata. Nashona polepole.