Karatasi Chini ya Samaki

Bemidji, Minnesota
9 Februari

Mdogo wangu Arvid,

Pokea salamu za dada yako, na usianze kunung'unika kwamba nimeandika badala ya kupiga. Simu zangu hupokei. Goti lako linaendeleaje? Huku sote wazima, ila baridi haina adabu. Juzi gari liligoma kuwaka mara tatu, nikalitukana matusi ambayo mama angenisugua mdomo kwa sabuni.

Nina habari za mzee Orville Tveit, yule aliyekuwa akituuzia kuni. Moyo wake umechoka. Kazi yangu kliniki, kama ujuavyo, ni kukaa na wagonjwa wa namna hiyo na kuwauliza mapema: siku ukishindwa kusema, ungependa ufanyiwe nini, usifanyiwe nini, na nani akusemee? Mzee alinizungusha miezi mitatu. Nikimuuliza habari za mashine ya kupumulia, ananijibu habari za trekta. Mwishowe akasema haya binti, lete hiyo karatasi yako kabla hujazeeka na wewe. Nikamwagiza aisaini mbele ya mashahidi wawili, atuletee nakala, na yenyewe aibandike kwenye mlango wa friji, maana watu wa ambulensi huangalia hapo kwanza.

Alhamisi akaanguka. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na ratiba ya hoki ya wajukuu tu, na nakala kliniki ilikuwa haijafika. Hospitali nilimkuta binti yake, Lorna. Daktari alimwambia wanampa mzee dawa na oksijeni, lakini zisipofaa itabidi aingizwe mpira kooni apumue kwa mashine. Je, baba angetaka? Lorna akanishika mkono, akasema hajui, baba hakumwambia neno, na akikosea atajilaumu mpaka kaburini.

Nikamuuliza, jamani, hati ya shamba baba anaiweka wapi? Akanitazama kama nimerukwa na akili. Akasema, si kwenye friza la gereji, anakoweka hati zake zote ili nyumba ikiungua zisiungue. Ebo! Mumewe akakimbia huko, akaikuta karatasi yetu ndani ya kopo la kahawa, chini ya samaki wa msimu mzima, imekakamaa kwa baridi. Mzee aliona mlango wa friji ni mahali pa michoro ya watoto, si pa karatasi ya maana.

Mkwe akatusomea kwenye simu: dawa nipeni, mpira kooni hapana, na Lorna asilaumiwe na mtu. Lorna akalia, akacheka, akasema kumbe si yeye anayeamua, ni baba. Na dawa zikafaa! Jumamosi mzee alikuwa amekaa kitandani akilalamika kwamba kahawa ya hospitali ni maji ya kuoshea vyombo. Nilipomgombeza kuhusu friza akaniuliza, kwani imeoza?

Sasa kaa chini, Arvid. Miaka sita iliyopita madaktari walipouliza kuhusu mama, wewe ndiye uliyesema mashine izimwe. Mimi nilinyamaza, nikaangalia viatu vyangu. Tangu hapo huji Krismasi, na kibanda chako cha kuvulia samaki kwenye barafu ya ziwa kinaoza uani kwangu. Shangazi Berit ameniambia unaamini ulimuua mama.

Hukumuua. Mama alinitamkia mwenyewe, Novemba ile, tukimenya viazi vya mikate ya lefse: Torunn, msije mkaniacha nimefungwa kwenye mashine. Nami, muuguzi mzima, ninayewauliza watu wa mji mzima, nikamwambia mama, acha mikosi, menya viazi. Sikuandika. Hospitali niliona aibu kukiri mbele ya wenzangu, na aibu ile ikazaa miaka. Ulifanya alivyotaka, bila kuambiwa. Nilikuwa na sentensi moja ya kukutua mzigo, nikaimeza. Nisamehe, mdogo wangu. Hata kuiandika tu, kifua changu kimekuwa chepesi. Natumaini na chako.

Humu nimeweka nakala ya karatasi yangu mimi. Palipoulizwa nani anisemee, nimeandika jina lako. Ibandike kwenye mlango wa friji. Nje ya mlango, si ndani ya friza, unasikia?

Nisalimie Janelle na yule mbwa wenu mwizi. Barafu bado nene, na kibanda nimekipigilia mbao mpya.

Dada yako,
Torunn