Bawa Juu ya Nyumba Tupu

Shemeji,

Hatujambo. Mdogo ameota jino, na paa linavuja palepale ulipoahidi kuziba.

Ripoti ya jeshi imenifikia. Inasema kaka yako aliishusha ndege mno ili atuinamishie bawa, kama kawaida yake, ikamponyoka ikaanguka naye. Kosa la rubani. Injini, ileile aliyokulalamikia mezani kwangu, eti ilikuwa nzima. Chini kuna saini yako, fundi mkuu.

Ni kweli, akipita juu ya nyumba alikuwa akituinamishia bawa, nami naacha sufuria jikoni, natoka mbio na watoto kumpungia. Majirani walinitania kwamba mume wangu anabisha hodi kwenye bati.

Lakini wiki ile tulikuwa kwa mama yangu. Kaka yako mwenyewe alitupandisha basi. Sasa siku ile alikuwa anamsalimu nani, shemeji? Kuku?

Nawe ulijua hatupo. Ufunguo wa nyumba tulikuachia wewe.

Watoto wanauliza baba mdogo atakuja lini. Huo ufunguo utume kwa posta. Wewe usije.

Ni mimi,
Mke wa kaka yako