Jogoo Wako Wamemchinja, Bwana Shamba

Bwana Shamba wangu,

Shikamoo. Marahaba yako nitaipokea siku nitakayokufuata, na haraka sina. Nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Katandala, barazani pale pale ulipokuwa unakaa, na nina kinyaa. Sikufichi. Ningeweza kuanza kwa kukwambia tumekukumbuka, na kweli tumekukumbuka, lakini ningekuwa nakupaka mafuta. Nina kinyaa tangu Jumamosi iliyopita. Chai naiacha inapoa, dagaa nimewapa paka. Na kinyaa chenyewe kina watu kadhaa ndani yake, wewe ukiwemo. Subiri, nitakufikia.

Jogoo wako wamemchinja.

Mheshimiwa, yule wa rangi ya majivu, mwenye manyoya marefu ya shingoni, uliyekuwa unambana kwapani na kumbembeleza kabla ya kumchomoa unyoya mmoja, kama vile unamwomba mchumba. Wamemla siku ya arobaini yako, kwa ugali wa ulezi. Na shingo yake... Hapana. Nikiifikia shingo sasa hivi kalamu nitaiweka chini. Nianze na watu.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja hapa? Mzee mstaafu, afisa kilimo kutoka Mbeya, kofia mkononi, unaniomba vipande vya uzi ninavyotupa. Nikakuuliza vya nini. Ukasema, "Nafunga nzi." Mungu wangu, nilijua mzee wa watu amechanganyikiwa. Ukatoa mfukoni ndoana imevishwa uzi na unyoya, mdudu kabisa, bado kuruka tu. Ukaniambia huko Mbeya ulijifunza ujanani kuvua samaki wa mito ya baridi kwa nzi wa bandia, bila mnyoo wala kipande cha ugali, unamtua juu ya maji taratibu na samaki anajua mdudu kaanguka. Na kwamba hata hapa, kwenye vijito vya chini ya milima ya Mbizi, wale samaki wenye ndevu wanamkubali, ila awe wa rangi ya majivu. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Wiki iliyofuata nilikuwa nafunga nzi wangu wa kwanza, na wewe umenisimamia kichwani: "Fundi, acha nafasi ya kichwa! Ukijaza uzi hadi kwenye tundu la ndoana, mshipi utapitia wapi?"

Basi kikundi kikaanza, na desturi yako ikawa sheria. Mgeni hakai kwenye benchi kabla hajaweka mezani nzi aliyemfunga kwa mkono wake mwenyewe, akasema manyoya ameyatoa kwa mnyama gani na yuko wapi sasa huyo mnyama. Awe hai, ndilo lilikuwa sharti lako. Halafu kila mmoja wetu anampa siri moja ya ufungaji. Yule mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga alikuja na nzi wa nywele za sikio la ndama, uzi umelegea, nzi akafumuka pale pale mezani mbele ya watu. Masikini, alitaka kuondoka kwa aibu. Wewe ukamvuta mkono, ukampaka uzi nta ya nyuki, ukamwonyesha jinsi ya kuubana kwa kucha, mkamfunga upya pamoja. Mpaka leo anavua kwa nzi yule. Hayo ndiyo yalikuwa mambo.

Sasa sikiliza ya leo. Gervas, yule muuza simu, ndiye mwenyekiti. Alijiteua siku ya mazishi, udongo bado mbichi. Amenunua kizibao chenye mifuko mpaka mgongoni, sijui mgongoni anaweka nini. Wageni wanakuja, wanakaa kwanza, halafu wanajieleza. "Kwa majina naitwa fulani, ni mdau wa utalii." "Mimi ni mpenda mazingira." Mshikaji mmoja kaja na nzi wa dukani, yuko ndani ya pakiti, anameremeta kama kichwa cha bi harusi. Nikamwambia yale maneno yako, kwamba samaki hajaalikwa harusini, haangalii mng'ao. Akanijibu, "Mama, huu ndio mtindo wa sasa." Mama! Mimi na yeye tumesoma shule moja.

Mwingine, kijana mtanashati tu, kamfunga nzi kwa nywele za watu. Naam, za watu. Kaziokota sakafuni saluni. Nikamuuliza za nani, akasema hajui, za wateja. Halafu akaulamba mkia wa yule nzi ili nywele zilale vizuri. Akaulamba, Bwana Shamba! Mafuta ya watu, mba za watu, kwenye ulimi wake. Nilisonya, nikatoka nje kutema mate. Na wenzake wakampigia makofi wakisema ni mbunifu.

Haya, shingo.

Siku ya arobaini mimi nilikuwa Namanyere kupeleka sare za shule, gari likaniharibikia njiani, nikafika kwako Izia jioni sufuria zimeshaoshwa. Mheshimiwa hayupo bandani. Gervas akaniambia kwa sauti ya kanisani kwamba amemtoa kwa heshima ya mwanzilishi, na ngozi ya shingo ameihifadhi ili kila mwanachama apate unyoya wa kumbukumbu. Nikauliza, umeikwangua mafuta? Umeipaka chumvi? Akasema, "Fundi, usijali, nimetazama kwenye simu."

Jumamosi iliyopita akaja na kopo la plastiki lenye mfuniko. Akaliweka kwenye meza yangu ya kukatia, na mezani pana kitambaa cheupe cha sare za kwaya. Akasimama, akapandisha mkanda wa suruali, akatangaza kwamba leo anatufundisha kuhifadhi ngozi ya jogoo kwa ajili ya kufunga nzi. Akafungua.

Sijui nikwambieje. Ile haikuwa harufu, ulikuwa uvundo wenye mikono, umenishika pua na koo kwa pamoja. Ngozi imekuwa ya kijani, inateleza, imejikunja kwenye maji yake yenyewe. Na funza. Funza, Bwana Shamba, wanene, wanatoka kwenye shingo ya Mheshimiwa na kuanguka kwenye kitambaa cha kwaya. Na nzi wenyewe, wa Mungu, wakaingia kutoka mtaroni kwa furaha zao. Na Gervas hakunyamaza! Amejibana pua kwa vidole viwili, anaendelea kufundisha kwa sauti ya puani, eti hii ni hatua ya kawaida. Watu wanapiga picha. Mmoja akasema tuyachomoe yaliyo mazima. Na wakachomoa! Walikuwa wanachomoa manyoya kwenye ule uozo, wanayafuta kwenye suruali na kuyachomeka kwenye kofia zao. Kwa kumbukumbu yako.

Niliwafukuza kwa ufagio. Wote. Nikalimwaga kopo shimoni nyuma ya choo, nikafukia, nikaiosha meza kwa maji ya moto na sabuni hadi mbao ikapauka, na bado usiku ule niliisikia ile harufu kwenye mikono yangu. Nililia. Si kwa sababu ya jogoo peke yake. Nilijua kwamba rangi ile haipo tena Sumbawanga nzima, na kwamba nzi wako wa majivu waliobaki ni wale wachache tu kwenye kikopo changu cha vifungo. Nikajisemea, wakiisha hao, na Bwana Shamba kaisha.

Jumapili baada ya misa nikaenda Izia kwa mkeo. Nilikwenda nimevimba. Nilitaka Mama Tumaini ajue Gervas alivyomtenda jogoo, nilitaka tulie pamoja, ikiwezekana tumlaani pamoja. Alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwaga yote, kopo, funza, kofia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuacha kuchambua.

Halafu akasema, "Gervas hakuiba. Kisu nilimpa mimi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilichoka, mwanangu," akasema. "Siku ya msiba mlikuja kunipa pole, mmenishika mkono, macho yenu yako bandani kwa jogoo. Hata wewe. Uliniuliza kama Mheshimiwa amekula. Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake."

Bwana Shamba, ni kweli. Nilimuuliza hivyo. Sikuwa na pa kuuficha uso wangu.

Akaendelea, taratibu tu, bila kupandisha sauti, na ningefurahi angepandisha. "Wewe mtoto wa watu alikufundisha. Alimfundisha mfugaji, alimfundisha muuza simu. Mimi akaniachia kuku nilishe. Jumamosi miaka yote hiyo, anachukua fimbo yake ya kuvulia, anachukua viazi nilivyomchemshia, huyo. Aliwaambia nini kuhusu mimi?"

Nikamwambia ukweli. Ulituambia mkeo hapendi harufu ya samaki.

Akacheka kicheko kikavu, kibaya. "Mimi? Mimi niliyezaliwa Kipili, ziwani? Nimepara samaki kabla sijaota meno ya pili. Hakuniuliza hata siku moja."

Sasa nimekufikia. Kile kinyaa cha kopo, kilinigeukia mimi mwenyewe kwanza, pale pale uani, kisha kikaja kwako. Wewe uliyekuwa unamwomba radhi jogoo kabla ya kumchomoa unyoya mmoja! Wewe uliyemvuta mkono mgeni aliyefumukiwa na nzi, ukamkalisha! Aliyekuwa anakupakulia chakula hukumvuta mkono. Ulimtungia uongo mdogo, rahisi, ukatuuzia, nasi tukaununua bila kuuliza. Nakupenda, mzee wangu, unajua kwamba nakupenda, lakini nilirudi Katandala siku ile nikiwa nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia Gervas. Yeye aliozesha ngozi ya kuku.

Jana nimempeleka mtoni.

Tulipanda bodaboda mpaka barabara ilipoishia, tukashuka kwa miguu, upepo wa Ufipa unaufahamu, unakata masikio. Alivua viatu, akakunja kitenge, akaingia majini bila kupiga kelele wakati mimi meno yananigongana. Nilikuwa na kile kikopo. Nikatoa nzi wa majivu, nikamfunga kwenye mshipi wake. Nikamwambia atupe kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Akatupa kwa bega. Nzi akanasa kwenye kichaka cha ng'ambo, mshipi ukakatika. Moyo wangu ukakatika nao. Nilingoja aseme pole. Akaniangalia, akauliza, "Wamebaki wangapi?"

Nikaangua kicheko, sikujua kilikotoka. Nikampa mwingine. Akampoteza. Nikampa mwingine tena. Kufikia mchana alikuwa anatupa kwa kifundo cha mkono, nzi anatua juu ya maji kama unavyotaka, na yule wa mwisho kabisa akadakwa. Samaki mkubwa, Bwana Shamba, fimbo ilipinda hadi nikapiga yowe. Mama Tumaini akamvuta kwa pupa, mshipi ukalia tii, samaki akaenda zake na nzi wako mdomoni. Wakaisha.

Akafungua pindo la kitenge. Alikuwa amefunga humo manyoya mekundu ya mtetea wake, yule anayetaga kwenye kikapu jikoni. Alikuja nayo kutoka nyumbani, hakuniambia kitu. Akasema, "Haya, nifundishe."

Tukakaa kwenye jiwe. Nikamwonyesha jinsi ya kupaka uzi nta, jinsi ya kuzungusha unyoya bila kuuvunja uti. Nzi wake wa kwanza alikuwa na tumbo kubwa, mbaya kweli, kichwa kimejaa mpaka tundu halionekani. Nikaufungua mdomo kumwambia yale maneno yako, nikaufunga. Akaliona kosa mwenyewe. Akafumua, akaanza upya, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Samaki hatukupata hata mmoja kwa manyoya yale mekundu. Mmoja alimsogelea nzi, akamnusa, akageuka. Akasema, "Huyo nimemwona. Atarudi." Njiani kurudi aliongea mpaka dereva wa bodaboda akachoka kuitikia.

Gervas nimemwambia atafute baraza nyingine. Ameondoka na wadau wake, na yule mlamba nywele. Mfugaji amebaki, mimi nimebaki, na benchi lina nafasi. Nzi wa majivu hayupo tena, na nimeshaacha kumlilia.

Ahadi yangu ni hii: mkeo sitamwacha tena na kuku peke yake. Nitampitia kila Jumamosi, kwa jua na kwa tope, na siku zenye baridi nitabeba chai. Na wewe nakusamehe, ila si leo. Leo bado. Pumzika, mzee wangu, udongo wa Ufipa usikulemee.

Na akichelewa kuja kupalilia kaburi lako, usimnunie. Yuko mtoni.

Fundi wako,
Katandala