Ndoa ya Dada Edelyn

Miagao, 4 Februari 2001

Mdogo wangu Merlita,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, na Mama mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Wewe je, unakula?

Habari ni hii: Wilfredo amezungumza na Mama. Ndiyo, Wilfredo mwalimu wa kwaya. Padre ametupa tarehe 28 Aprili, baada ya Pasaka. Kwa miaka yangu hii thelathini na sita, walimu wenzangu walishaanza kuniita mtawa. Wewe ndiwe mpambe wangu. Nitumie vipimo vyako, na usidanganye kiuno.

Dada yako,
Edelyn

Iloilo mjini, 15 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, wenzangu wakadhani kuna msiba kwa jinsi nilivyolia. Mimi sijambo, masomo ya uuguzi yananikimbiza tu.

Siku tatu kwa wiki, mchana, najitolea kupokea simu za wanawake na wasichana waliobakwa. Ni chumba kidogo juu ya duka la dawa, simu mbili, feni moja. Wengine hupiga wakanyamaza dakika kumi, nami nanyamaza nao. Ninayoyasikia yanabaki mle mle; tuliweka sahihi.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Merlita

Iloilo mjini, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi mwili ndio mzima.

Nakuomba usifunge ndoa na Wilfredo.

Sina ruhusa ya kusema sababu. Kuna mtu alinieleza jambo bila kujua anazungumza na nani, wala kwamba jina alilolitaja mimi nalijua. Alipopiga mara ya pili nilimwomba aniruhusu nikwambie. Akakata simu.

Nilimwuliza Bi Soledad, msimamizi wetu, bila kutaja watu. Akasema, "Ukilitoa, huyo hatapiga tena. Na atakayekosa pa kupiga si yeye peke yake." Kwa hiyo hata barua hii sikupaswa kuiandika. Nikinyamaza nakuuza wewe, nikisema namuuza yeye. Usimwonyeshe mtu.

Mdogo wako,
Merlita

Miagao, 28 Machi

Merlita,

Tuko salama. Wewe sijui nikuulize afya au akili.

Kadi zimeshagawiwa, nguruwe wa Mjomba Pepito ameshachaguliwa, na wewe unaniletea neno lisilo na kichwa wala miguu. Ni wivu? Au ulitaka nizeekee jikoni na Mama?

Barua nimemwonyesha Wilfredo. Sitaki kuanza ndoa na siri. Alicheka, akaikunja vizuri, halafu akaniuliza, "Ni nani huyo aliyepiga?" Nikamwambia sijui. Jana ameuliza tena, na leo asubuhi tena. Basi tuondolee utata: ni nani?

Dada yako,
Edelyn

Iloilo mjini, 3 Aprili

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Sitamtaja.

Fikiria kitu kimoja tu: kwa nini anauliza ni nani, na hajauliza alisema nini?

Nimemweleza Bi Soledad kwamba nilikuandikia. Ameniondoa kwenye simu, na ana haki. Sasa yule akipiga, hatanikuta hata nimwonye. Harusini sitakuja.

Mdogo wako,
Merlita

Iloilo mjini, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Tarehe imepita, na Mama hajibu barua zangu. Niandikie hata mstari mmoja.

Merlita

Miagao, 24 Mei

Mdogo wangu Merlita,

Sisi wazima. Natumaini nawe u mzima. Nisamehe kukuweka roho juu.

Sikuolewa.

Barua yako ya Aprili niliisoma nikaitupa, lakini lile swali halikutoka kichwani. Kabla ya Jumapili ya Matawi, Wilfredo alianza kuwaita wasichana wa kwaya mmoja mmoja kwenye chumba cha mazoezi, eti kupima sauti. Nilisukuma mlango, nikavuta kiti, nikaketi.

"Edelyn, nenda nyumbani," akaniambia.

"Pima tu. Mimi nasikiliza."

Hakupima. Yule msichana aliyekuwa mbele yake alikuja kusimama nyuma ya kiti changu mpaka Wilfredo alipotoka. Sijui kama ndiye. Sikuuliza.

Kesho yake nilimwambia Padre nimebadili nia. Akataka sababu, nikasema sina. Ningesema nini? Wasichana wa kwaya ni kumi na wawili tu, na watu hapa wanajua kuhesabu. Kwa hiyo kichaa ni mimi. Mama anakula chumbani kwake ili asinitazame. Wilfredo yupo. Anakaa benchi la mbele, ananisalimia kwa sauti kubwa ili kila mtu aone nani mwema na nani mbaya, nami kila Jumapili namwitikia.

Kwaya ameiacha, eti kwa huzuni. Nimeichukua mimi, na sauti yangu unaijua. Wasichana tisa wamerudi. Mmoja hubaki nyuma akipanga viti ambavyo vimeshapangwa. Jana alisema, "Mwalimu," kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza naye. Mwisho akasema, "Nitakuja Jumanne," akaenda zake.

Kwa ukaidi wangu nilimwonyesha Wilfredo barua yako, Merlita, nikamweka mtoto wa watu hatarini, na sitaki kumkosea tena. Nijibu upesi. Akija, nianze na neno gani?

Dada yako,
Edelyn