Ngazi Mlangoni kwa Hersi

Isiolo,
Agosti 1966

Ndugu yangu Mbae,

Kabla sijakuuliza hali yako, ya Kanana na ya watoto, nikukumbushe kosa la watu wengi, hata waliosoma: hudhani kiini cha kila atomu ni duara kama gololi. Natumaini nyote hamjambo huko Meru. Sisi tu wazima wa mwili. Mengine nitayasema polepole, maana yananitia aibu.

Unamkumbuka Hersi wa duka la chai hapa Bulla Pesa, aliyekupa blanketi lake ulipolala kwetu. Kabla hujaja kuazima kile kitabu changu cha fizikia, aliniuliza kinasema nini. Unanijua. Nilichukua yai mezani kwake nikalizungusha. Nikamweleza kwamba viini vingine ni duara kweli, lakini ukiviongezea chembe hufika mahali vikarefuka, vikawa na umbo la yai. Cha duara, hata ukisema kinazunguka, huoni kilichobadilika. Pande zote ni sawa. Cha umbo la yai huzunguka kweli, wala si kwa mwendo wowote kipendao, bali kwa ngazi, na kila kipandio kiko mbali zaidi na mwenzake kuliko kilichotangulia. Hersi akanitania kuwa yai lake likianguka, nitakilamba kiini sakafuni. Tukacheka. Nikatoa chaki, nikaichora ngazi ile mlangoni pake, vipandio vikizidi kuachana kwenda juu, na kando ya kila kimoja namba yake: sifuri, mbili, nne, sita, nane.

Alhamisi iliyopita kukawa na msako wa askari. Wanaume wa mtaa tuliketishwa chini vumbini. Afisa aliuona mlango, akataka kujua ni bunduki ngapi hizo, na zimefichiwa shifta gani, wale waasi wa porini. Hersi alijibu bila wasiwasi kwamba ni kiini cha atomu kinachozunguka, na kwamba Mwalimu Salesio, yule pale, ataeleza vizuri kumshinda yeye. Askari wakaangua kicheko. Afisa akanigeukia, akaniuliza kama naujua mchoro ule.

Mbae, mimi ninayeeleza hata nisipoulizwa, nilisema siujui. Niliogopa kupakiwa pamoja naye. Hersi hakubisha. Aliniangalia tu, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amalize sentensi. Wakampandisha lorini, na hadi sasa wanamshikilia. Mkewe hajaufuta mlango. Amewaambia majirani kwamba aliyeandika atakuja kusoma.

Nitakwenda kwa yule afisa kesho asubuhi, niseme mkono uliochora ni wangu. Lakini neno langu tupu halitatosha, kwa kuwa nilikwisha kuukana mchoro mbele yake. Ngazi ile ile imechapishwa katika kitabu ulicho nacho.

Nisalimie Kanana na watoto. Usiwaambie haya, nitawaambia mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Salesio Mutembei

Jonah, dereva aliyekuletea barua hii, anarudi Isiolo jioni. Mpe kitabu leo.